Titaniamu ya Kwale na panya wa maabara: Je, losheni ya kukinga jua ina hatari?

MAMA mdogo alinipigia simu Jumapili jioni kutoka Msambweni, na kwa sauti yake nilijua hii si simu ya kujuliana hali tu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Hii losheni ya mdogo wako ya kukinga jua, ni kweli yaleta saratani?”

Mdogo wangu huyo ana miaka 19 na ana ualbino. Huuza vikoi na shanga ufuoni Diani, na losheni kwake si urembo, ni kama viatu kwa mtu apitaye kwenye miiba. Lakini ilikuwa siku ya tisa sasa hajaipaka. Pua na ncha za masikio zilikuwa zimeanza kubabuka. Kisa? Ujumbe uliozunguka kwenye kundi la WhatsApp, ukisema losheni hizo zimejaa titaniamu, ile ile iliyochimbwa hapa kwetu Kwale, na kwamba wanasayansi waliwapa panya wakapata saratani. Chini yake kulikuwa na picha ya panya mwenye uvimbe mkubwa, na msururu wa vikatuni vya kulia.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Titaniamu imo kwenye losheni nyingi, kweli. Kwale imechimbwa, kweli. Panya walipata saratani, hilo nalo ni kweli. Lakini aliyeuandika hakusema panya wale waliipataje titaniamu hiyo, kwa kiasi gani, wala kwa muda gani. Na hapo ndipo kwenye jibu lote.

Kwa hivyo vijana wenzangu, tulieni kidogo tuipitie habari hii kutoka mwanzo, kuanzia kwenye mchanga wetu wenyewe.

Mchanga mwekundu wa Maumba na Nguluku

Hakuna kijana wa Kwale asiyejua habari za mgodi. Baada ya miaka mingi ya mipango na mivutano, kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, na Februari 2014 meli ya kwanza ikapakia mzigo katika gati lililojengwa Likoni. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, ardhi yenye madini ya kutosha ilipokwisha. Wapo wengi wetu ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa pale, na wengi ambao sasa wanatafuta nyingine.

Kilichotolewa pale ni mchanga mzito wa aina tatu: ilmenaiti, rutili na zirkoni. Mbili za kwanza ndizo zenye titaniamu. Watu wengi hudhani titaniamu yote huenda kutengeneza ndege. Ndege zipo, lakini sehemu kubwa kabisa ya madini haya duniani hugeuzwa kuwa unga mweupe pepepe unaoitwa titaniamu dayoksaidi. Unga huo ndio unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Umo kwenye plastiki, karatasi, dawa za meno, vipodozi, maganda ya vidonge, peremende na ubani wa kutafuna. Na umo kwenye losheni za kukinga jua, kwa sababu huizuia miale mikali isiifikie ngozi.

Unga huo haukutengenezwa Kwale. Mchanga ulisafirishwa ng'ambo, Uchina ikiwemo, na viwanda vya huko ndivyo huusafisha kwa asidi au kwa gesi ya klorini hadi uwe unga. Tofauti hii ni muhimu. Punje ya mchanga waweza kuiona kwa macho na kuihisi kwenye vidole. Ukiivuta puani, hunasa juu juu na utaipiga chafya. Unga wa kiwandani ni jambo jingine kabisa.

Nano ni kitu gani?

Chukua unywele mmoja. Unene wake ni kama nanomita 80,000. Chembe ya kawaida ya unga mweupe wa rangi ina upana wa nanomita 200 hadi 300. Chembe ikiwa chini ya nanomita 100 huitwa chembe ya nano.

Mbona watu wajisumbue kuzifanya ndogo hivyo? Kwenye losheni, sababu ni moja rahisi: chembe kubwa hukuacha mweupe kama aliyemwagiwa unga wa ngano. Zikiwa za nano, hupotea machoni lakini bado zinakinga. Kwa sisi wa ngozi nyeusi, hiyo ni tofauti kati ya losheni utakayoipaka na ile utakayoiacha kabatini.

Lakini udogo huo una upande wake wa pili. Gramu moja ya unga wa nano ina eneo la juu kubwa mara nyingi kuliko gramu moja ya unga wa kawaida. Fikiria muhogo mzima na muhogo uliokunwa: uzito ni ule ule, lakini uliokunwa hushika maji na moto haraka zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa yake iko wazi. Vivyo hivyo, chembe za nano hugusana na mwili kwa eneo kubwa zaidi. Na zikivutwa kwa pumzi, hufika chini kabisa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Panya walivuta vumbi miaka miwili

Sasa tuje kwa panya wenyewe.

Mnamo 1985, watafiti wa kampuni ya DuPont nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililochukua miaka miwili. Kwa panya wa maabara, miaka miwili ni karibu umri wake wote. Waliwekwa kwenye vyumba vyenye vumbi la titaniamu dayoksaidi ya kawaida, kwa viwango vitatu: miligramu 10, 50 na 250 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Uvimbe wa saratani kwenye mapafu uliongezeka kwa wale wa kiwango cha 250 pekee. Na 250 si mchezo. Hilo ni wingu la vumbi ambalo hakuna binadamu angekaa ndani yake kwa hiari.

Wengi wakapumua. Halafu 1995 yakatoka matokeo ya watafiti wa Ujerumani, na safari hii unga ulikuwa wa nano. Panya walivuta hewa yenye wastani wa miligramu 10 tu, saa 18 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa hadi miaka miwili. Kati ya panya 100, panya 32 walipata uvimbe kwenye mapafu, mwingine wa saratani na mwingine usio wa saratani. Katika kundi lililovuta hewa safi, alikuwa mmoja tu kati ya 217.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Kwa unga wa kawaida, miligramu 10 haikuleta uvimbe. Kwa unga wa nano, kiasi kinachokaribiana na hicho kilileta. Dutu ni ile ile, kilichobadilika ni ukubwa wa chembe.

Kinachotokea mle ndani kinaeleweka kwa kiasi kikubwa. Mapafu yana seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na kuutoa. Vumbi likiwa kidogo, zinamudu. Likija kila siku bila kupumzika, seli hizo hushiba, hulemewa, huzembea. Vumbi linabaki. Nyama ya mapafu huwashwa na kuvimba, inajaribu kujitibu, inaumia tena, mwezi baada ya mwezi. Jeraha lisilopona ndilo linalofungua mlango wa saratani. Kwa maneno mengine, titaniamu haikuwaua kama sumu ya panya inavyoua. Iliwachosha.

Ndiyo maana muda ni jambo kubwa katika tafiti hizi. Jaribio la wiki moja lisingeonyesha lolote la maana.

Je, mwili wa panya ni sawa na wetu?

Hapa sasa ndipo ujumbe wa WhatsApp ulipokimbia.

Katika utafiti huo huo wa Ujerumani, kulikuwa pia na panya wadogo wale wa mkononi. Wao hawakuonyesha ongezeko la uvimbe. Na mwaka 2004 watafiti wengine walichapisha jaribio la unga wa nano kwa wanyama wa aina tatu: panya wakubwa, panya wadogo na hamsta, kwa wiki 13, kisha wakawafuatilia hadi mwaka mmoja. Panya wakubwa ndio walioumia zaidi mapafuni. Hamsta waliusafisha unga ule haraka na mapafu yao yakawa na nafuu. Wote ni jamii ya wanyama wagugunaji, wamevuta vumbi la aina moja, na bado miili yao iliitika tofauti. Ikiwa panya na hamsta hawafanani, je, panya na sisi?

Jibu la uhakika zaidi hutoka kwa watu wenyewe. Mwaka 2004 pia, utafiti uliohusu wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa viwanda 11 vya titaniamu dayoksaidi katika nchi sita za Ulaya ulichapishwa. Haukuonyesha kwamba aliyekula vumbi zaidi alipata saratani ya mapafu zaidi.

Hata hivyo, wataalamu hawakusema “basi yameisha”. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka titaniamu dayoksaidi katika kundi la 2B, yaani “huenda ikasababisha saratani kwa binadamu”, kwa kutegemea ushahidi wa wanyama. Mwaka 2011, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini ilipendekeza viwango viwili: mfanyakazi asivute zaidi ya miligramu 2.4 za unga wa kawaida katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa unga wa nano asivuke miligramu 0.3. Yaani nano imebanwa mara nane zaidi. Mnyama wa maabara hakutumika kutabiri nani ataugua. Alitumika kuonyesha pa kuweka tahadhari.

Na ikipita tumboni?

Unga huu ulipotiwa kwenye vyakula ulipewa namba, E171. Kazi yake ni moja tu, kung'arisha. Hauna ladha wala lishe.

Mwaka 1979 taasisi ya saratani ya Marekani ilitoa matokeo ya kuwalisha panya chakula chenye asilimia 2.5 na asilimia 5 ya unga huo kwa karibu miaka miwili. Hawakupata saratani iliyotokana nao. Kwa miaka mingi jambo hilo likahesabiwa limekwisha.

Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa wakalifungua upya. Waliwapa panya E171 kwenye maji ya kunywa kwa siku 100. Kati ya panya 11 waliokunywa kiwango cha juu, wanne walionekana na vidonda vidogo kwenye utumbo mpana, vya aina inayoweza kuitangulia saratani. Si saratani, ni dalili tu. Jaribio lingine lililofuata, 2019, halikuona athari hiyo.

Ufaransa haikungoja. Ilipiga marufuku E171 kwenye vyakula kuanzia Januari 2020. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuuita unga huo salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa shaka kwamba chembe zake huenda zikaharibu DNA. Mamlaka hiyo ilieleza kwamba kinachofyonzwa kutoka tumboni ni kidogo sana, lakini kile kidogo chaweza kujikusanya mwilini. Umoja wa Ulaya ukaupiga marufuku 2022. Mwaka 2023, kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani ikautazama ushahidi na kuona hakuna haja ya kuuwekea kikomo kwa kiasi kinacholiwa kawaida.

Wataalamu, basi, hawajapatana. Lakini wewe huhitaji kungoja wapatane. Peremende nyeupe haina faida yoyote unayoikosa ukiiacha. Geuza paketi, soma. Ukiona E171, uamuzi ni wako, na hautakugharimu kitu.

Ngozi: swali la mdogo wangu

Sasa tunarudi Msambweni, kwa kijana ambaye pua yake inababuka.

Mdogo wangu hakai kwenye chumba cha vumbi saa 18 kwa siku. Hanywi losheni. Anaipaka. Swali lake basi ni hili: je, chembe za nano hupenya ngozi?

Hili nalo limepimwa kwa wanyama. Mnamo 2010 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, walichapisha jaribio la nguruwe wadogo, waliochaguliwa kwa sababu ngozi yao hufanana sana na ya binadamu. Walipakwa losheni mara nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne. Karibu yote ilibaki juu, kwenye tabaka la nje lenye seli zilizokufa, lile ambalo hujibambua lenyewe kila siku na kuoshwa bafuni. Mamlaka ya dawa ya Australia, nchi yenye jua kali na saratani nyingi ya ngozi, imepitia tafiti za namna hii zaidi ya mara moja na kufikia uamuzi huo huo: kwenye ngozi, chembe hizi hukaa juu.

Sheria za Ulaya zinaonyesha tofauti ya njia vizuri zaidi. Umoja ule ule ulioiondoa E171 kwenye peremende unaruhusu titaniamu ya nano kwenye losheni za kukinga jua, hadi asilimia 25. Inachokataza ni kuitumia kwenye bidhaa ambazo mtu anaweza kuzivuta puani, kama za kupuliza.

Upande wa pili wa mizani kuna jua lenyewe. Diani na Msambweni ziko nyuzi nne na kidogo tu kusini mwa Ikweta. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo mno ya kumkinga, na saratani ya ngozi kwake si jambo la “huenda”. Ni hatari inayojulikana, inayokatiza maisha ya vijana Afrika Mashariki. Ndiyo sababu hapa Kenya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni bila malipo.

Kwa hivyo mdogo wangu, kwa kuiogopa saratani ya panya aliyevuta vumbi, alikuwa amejianika kwenye saratani iliyo mlangoni kwake.

Aliyefaa kuogopa

Niliufuatilia ujumbe ule nijue nani aliuleta kwenye kundi letu. Alikuwa rafiki yangu, fundi wa rangi wa Ukunda. Nilimkuta kazini, anapiga msasa ukuta wa nyumba ya wageni, madirisha yamefungwa ili vumbi lisichafue nje. Kope zake zilikuwa nyeupe. Barakoa ilikuwa mfukoni.

“Bro, umeiona ile ya losheni?” akaniuliza.

“Nimeiona. Na wewe umejiona?”

Tukacheka, lakini nilikuwa nasema kweli. Kati yake na mdogo wangu, yeye ndiye anayefanana zaidi na panya wa Ujerumani. Tuseme haki: vumbi la msasa si unga wa nano mtupu, kwa maana chembe nyingi hubaki zimegandamana na rangi iliyokauka. Lakini ndani yake mna pia vumbi la saruji na mchanga, na rangi za zamani huenda zina risasi. Mapafu hayachagui. Vumbi laini la kila siku, mwaka baada ya mwaka, ndilo lile lile linalozilemea seli za ulinzi.

Dawa yake si ngumu. Lowanisha ukuta kabla ya kupiga msasa. Fungua madirisha. Vaa barakoa inayobana vizuri, ile ya kuzuia vumbi, si kitambaa cha kujifunga. Usichanganye unga mkavu mahali pasipo na hewa. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Na hayo yanamhusu pia anayechanganya saruji, anayechonga mawe ya matumbawe, na dada wa saluni anayetumia unga wa kusagia kucha.

Kwa wanaojipaka losheni, chagua ya krimu au maji mazito. Ile ya kupuliza iache, au ipulizie kiganjani mbali na uso kisha upake. Kwenye vipodozi titaniamu dayoksaidi pia huandikwa CI 77891, na neno “nano” likiwa kando yake ujue ni chembe ndogo. Hilo lisikutishe kwenye krimu. Kwenye poda na vya kupuliza, lifikirie mara mbili.

Na ukiletewa ujumbe wa panya, kabla hujautuma mbele, uliza: ilipita wapi, puani, tumboni au ngozini? Kiasi gani? Muda gani? Mnyama wa aina gani? Ujumbe ukishindwa kujibu hata moja, uache ufie kwako.

Nilimpigia mama mdogo siku ya pili, nikamweleza polepole. Alinyamaza kidogo.

“Kwa hivyo apake?”

“Apake mama. Na avae kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, akae kivulini jua la saa sita. Losheni peke yake haitoshi.”

“Na ile ya panya?”

“Panya walivuta vumbi, mama. Yeye apaka ngozini.”

Nikasikia anageuza uso kutoka kwenye simu, anaita kwa sauti ya kule uani: “Wee! Chupa yako iko wapi? Njoo hapa upake, kaka yako amesema!”